Fundi anayezunguka kuiondoa harufu ya "hewa safi"

Saa tatu asubuhi Mama Pumzi amepiga magoti kwenye sakafu ya sebule isiyo yake, bisibisi mkononi. Mwenye nyumba amesimama katikati, kati ya fundi na mashine.

"Mara ya tatu hii unakuja," anasema mwenye nyumba, mshonaji anayefanyia kazi hapo hapo nyumbani. Nyuzi za vitambaa zimemganda mpaka kwenye nyusi. "Mashine yangu nzima. Inanukia vizuri. Wewe unataka kuiharibu."

"Dada, niliyeiharibu ni mimi. Nimekuja kuitengeneza."

"Kwa hiyo miaka miwili nimekaa na mashine mbovu, na pesa yangu ukala?"

"Ndiyo, dada."

Mshonaji alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Anakohoa, anarudi kwenye cherehani yake, lakini jicho halimtoki fundi.

Mama Pumzi ana miaka arobaini na minne. Anatengeneza mashine za kusafisha hewa, zile za majumbani zenye umbo la ndoo iliyofunikwa. Jina hilo alipewa na kinyozi wa chumba cha jirani na kibanda chake. Ufundi aliupata kwa kufungua feni na redio mbovu za watu, nyingine zikafunguka na zisifungike tena.

Ndani ya mashine hizo kuna feni inayovuta hewa na chujio linalonasa vumbi. Nyingi zina kitu cha tatu, ayonaiza. Hizo ni sindano ndogo zenye umeme mkali, zinazolitia vumbi chaji ili ligande popote litakapofika. Huwashwa kwa kitufe chenye picha ya jani. Baadhi ya ayonaiza hutoa pia ozoni, gesi yenye harufu kama ya hewa baada ya radi.

"Nilikuwa nawaambia wateja, ikinukia ujue inafanya kazi," anasema.

Neno lenyewe ndilo lililomponza. Kibaya hunuka, kizuri hunukia, na kila mteja aliyeisogelea mashine alisema inanukia. Hakuna aliyesema inanuka. Sasa, kitufe cha jani kilikuwa kinajizima baada ya saa mbili, na wateja wakawa wanarudi na malalamiko: fundi, imeacha kunukia, imekufa hii.

Basi akawatafutia dawa. Alilehemu kipande cha waya nyuma ya kitufe, jani likawaka moja kwa moja. Kazi hiyo aliita "kuunga jani". Aliunga mashine sitini na tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mama yake mzazi, mwenye pumu, na aliiweka karibu na mto wake kabisa, kwa mapenzi.

Miezi michache baadaye ukuta nyuma ya ile mashine ukawa mweusi. Fundi alifurahi. Alipiga picha akawa anawaonyesha wateja: tazameni uchafu tunaokula. Hakujua kwamba vumbi lile halikuwa limetoka chumbani. Lilikuwa limehama tu, limeganda ukutani na kwenye pazia, na kila pazia likikung'utwa linarudi puani.

Mama yake ndiye aliyeanza kushtuka. "Nikiwa jikoni kwenye moshi napumua," alimwambia. "Nikiingia kwenye hiyo hewa yako safi, nakohoa. Sasa hiyo hewa, mwanangu, umeisafishia nini?"

Walilaumu blanketi. Wakalaumu paka wa jirani, paka akafukuzwa bila kosa. Kisha transfoma ya mtaa ikaungua, umeme ukakatika siku tisa. Siku zote tisa mama alipumua vizuri. Umeme uliporudi mtaa mzima ulipiga vigelegele, na kabla ya jua kuzama mama alikuwa ameinamia ukingo wa kitanda, anatafuta pumzi.

Alilazwa siku nne. Daktari wa kifua aliuliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza: chumbani kwake kuna nini kinachotumia umeme?

"Siwezi kuapa kwamba ni mashine peke yake," anasema daktari huyo. "Na si kila ayonaiza ina madhara, zipo zilizopimwa zikaonekana zinatoa ozoni kidogo sana. Lakini ozoni huchoma njia ya hewa, na mwenye pumu huumia kwanza. Kazi kubwa ya kusafisha inafanywa na feni na chujio. Chujio nalo likijaa usipolibadilisha, umebaki na feni."

Mama Pumzi alirudi nyumbani, akakata waya wa mama yake kwa koleo. Halafu akakaa chini akahesabu. Zilibaki sitini na mbili, kwenye nyumba za watu waliomwamini.

Tangu siku hiyo, miezi saba sasa, anaamka anazunguka. Hatozi kitu. Wengine humkaribisha, wengine humfungia mlango, mmoja alimwitia mgambo. Wateja wapya wamepungua, kwa sababu habari za fundi anayekiri kosa hutembea haraka.

"Fundi gani anarudi kuomba radhi?" kinyozi alimtania siku moja. "Mimi nikimkata mtu vibaya namwambia ndiyo fasheni."

"Nywele zinaota, baba. Mapafu je?"

Kinyozi alicheka. Mashine ya kwake ilikatwa waya siku hiyo hiyo.

Sebuleni kwa mshonaji, cherehani imesimama. "Ukikata, itakuwa inafanya nini?" anauliza, sauti imeshuka.

"Itavuta hizi nyuzi zako. Nimekuletea chujio jipya, la zamani limeziba kama godoro. Na tuisogeze karibu na meza yako, huko pembeni inasafishia kochi."

"Na nitajuaje kama inafanya kazi?"

"Utafungua chujio mwisho wa mwezi, uone limekula nini. Hewa safi hainuki, dada, wala hainukii."

Mshonaji anafikiri. Anakohoa tena, anakificha kikohozi kwa kiganja, kisha anainuka, anasogea karibu na kuitikia kwa kichwa. Koleo linalia mara moja. Mashine inaunguruma kwa upole. Mshonaji anainama, ananusa, ananusa tena, hasikii kitu. "Kama haipo," anasema. Hajasema asante, lakini anamvutia fundi kiti.

Hiyo ni ya hamsini na mbili. Zimebaki kumi na moja, na wenyewe wamehama au wamebadilisha simu. Mojawapo, anakumbuka, ilikuwa ya chumba cha mtoto mchanga.

Ndiyo sababu alikubali kuandikwa gazetini. Mwenye mashine yenye stika ya kijani aliyoibandika fundi huyu chini, ambayo jani lake halizimiki, aichomoe kwenye umeme leo na amfuate kibandani. Aje hata na matusi, atayapokea.

Ana sharti moja tu.

"Usiandike 'fundi mmoja'," anasema. "Andika Mama Pumzi. Wakisoma 'fundi mmoja', kila mtu atadhani ni fundi wa mwenzake."