Radi Juu ya Zizi la Eulalia

Tulisafiri kwa sababu watoto walikuwa wanatukimbia. Kanisani kwetu Northfield, hapa Birmingham, kuna chumba ambacho mimi na Mama Furaha, mwenzangu kutoka Kongo, hukifungua jioni baada ya shule, ili watoto wa Wakenya na Wakongo wapate mahali pa kufanyia kazi zao wazazi wakiwa zamu. Mwanzoni walijaa hadi viti vikaisha. Kisha wakaanza kupungua, hasa wasichana wakubwa, na tulipowauliza sababu walitazama sakafu. Wakati huohuo rafiki yangu Eulalia alikuwa ananitumia picha za kituo chake cha masomo huko kwao Peru, milimani, watoto wamebanana kwenye mabenchi ingawa wengine hutembea mbali sana kufika. Eulalia nilifanya naye kazi kwa miaka katika nyumba ya kutunzia wazee kule Sutton Coldfield kabla hajarudi kwao. Nikamwuliza anawezaje. Akajibu, "Njoo uone." Mama Furaha akaapa kwamba sitaenda peke yangu.

Niseme jambo moja mapema, nisije nikachekwa bure. Mimi ni mwoga wa radi. Nilizaliwa Kisii, na mtu wa Kisii hahitaji kuelezwa radi ni nini. Nilipokuwa darasa la tano ilimpiga Moraa, niliyekaa naye dawati moja, tukitoka shuleni. Nilikuwa mbele yake kidogo tu. Birmingham nimeilalamikia mambo mengi, lakini mvua yake naipenda, kwa kuwa mara nyingi hunyesha kimya kama mtu asiyetaka ugomvi.

Alfajiri tulikutana Digbeth, kwenye kituo cha mabasi, tupande basi la kwenda uwanja wa ndege. Mama Furaha alikuwa amevaa makoti mawili, moja juu ya lingine.

"Dada Kemunto, uliangalia weather ya kule?"

"Niliangalia."

"Na inasema nini?"

"Thunderstorm. Leo, kesho, keshokutwa."

"Eh, Mungu yangu! Basi, tutaomba tu." Akanitazama vizuri. "Lakini wewe, sura yako inasema hautaki kwenda."

Nilimwambia ni usingizi.

Kutoka Lima tuliruka hadi Cusco, mji wa milimani, na huko hewa ikaanza kutukataa. Ukipanda ngazi chache unahema kana kwamba umefukuzwa. Mwenye nyumba ya wageni alitupa chai ya majani ya koka, chungu kidogo, akatuambia tutembee polepole. Mama Furaha alikunywa vikombe vitatu na bado kichwa kilimgonga.

Siku iliyofuata binamu yake Eulalia alitupakia kwenye pikapu. Barabara ilichongwa ubavuni mwa mlima, na upande wangu hapakuwa na kitu, bonde tu, na chini kabisa mto mwembamba kama uzi. Kila tulipokutana na lori, dereva alirudi nyuma hadi ukingoni akapisha, huku akipiga mluzi. Nilishika mlango kwa mikono miwili, kana kwamba mlango ungenisaidia.

"Hata ile route ya kwetu Uvira iko muzuri kuliko hii," Mama Furaha akanong'ona. Akafumba macho hadi tulipofika.

Tulifika mchana. Nyumba chache za matofali ya udongo, nyasi kavu za rangi ya kahawia, milima pande zote. Eulalia alinikumbatia na kunicheka kwa namna nilivyonenepa Uingereza. Nilifurahi kumwona, lakini macho yangu yalikuwa yanatafuta mti. Hapakuwa na hata mmoja. Mtu akisimama kwenye uwanda ule, yeye ndiye kitu kirefu kuliko vyote, na juu yake ni mawingu.

Swali langu la kwanza halikuwa la vitabu. "Hii nyumba ina kizuia radi?"

Mimi na Eulalia huongea Kiingereza, kile chetu cha nyumba ya wazee. Alinionyesha nondo ya shaba juu ya paa la kituo na waya ulioshuka hadi ardhini. "Humu ndani uko salama, Kemunto. Nje ni habari nyingine."

Saa za baada ya shule ndipo nilipoielewa siri ya zile picha. Watoto walitokea kwenye vilima mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na kondoo mbele yake. Nyuma ya kituo kulikuwa na zizi kubwa la mawe. Waliingiza kondoo humo, wakafunga mlango wa miti, wakanawa mikono, wakaketi na kufungua madaftari. Eulalia alisema mwaka wa kwanza alikuwa na vitabu na mabenchi tu, na hakuna aliyekuja. Ndipo alipokwenda nyumba kwa nyumba kuuliza mtoto hufanya nini akitoka shule. Jibu lilikuwa moja: huchunga. Basi akajenga zizi kwanza, akatafuta na nyasi za kuwalisha kondoo wakati watoto wanasoma.

Nélida aliketi karibu nami. Ana miaka kumi. Mama yake alikwenda mjini kutafuta kazi akamwacha kwa bibi, na kondoo wale ndio mali yote waliyo nayo. Bibi alimruhusu kuja kwa sharti moja, kwamba kondoo waliotoka nyumbani warudi wote. Alikuwa ameanza kusoma kwa sauti mwaka huohuo, akipitisha kidole chini ya kila neno, na akikosea alikunja uso na kurudia mstari mzima bila kuambiwa. Nilimpenda mara moja.

Siku ya tatu Mama Furaha hakuweza kuamka kwa kichwa. Alibaki kitandani nyumbani kwa Eulalia, mimi nikaenda kituoni. Baada ya muda chumba kikawa giza. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati kwa kishindo hata tukashindwa kusikizana, kisha ikaja ngurumo ya kwanza, karibu sana. Kondoo walishtuka, wakausukuma mlango wa zizi, nao ukaanguka. Tuliwaona kupitia dirisha wakitawanyika uwandani. Nilipogeuka, nafasi ya Nélida ilikuwa tupu.

Eulalia alikuwa mlangoni, watoto wamemshika sketi, wengine wanalia wakitaka kufuata kondoo wao. Akiondoka, wote wangetoka. Alinitazama.

Sijui jinsi miguu yangu ilivyotoka. Najua nilikuwa nalia, na nilikuwa naita jina la Moraa badala ya Nélida. Mawe ya barafu yalinipiga kichwani na hewa ilikuwa haitoshi. Nilimkuta msichana mbali kidogo, anawakusanya kondoo kwa mikono iliyotandazwa, na mbingu ikiwaka nyuma yake. Nikamshika kiunoni. Alipiga kelele, akaniuma mkono, akanielekeza kondoo wake kwa kidole. Sikuwaangalia. Nilimburuta hadi mlangoni, nikamsukuma ndani, nikaanguka juu yake. Mwanga uliotokea nyuma yetu sitaki kuueleza. Nilibaki sakafuni hadi mvua ikaisha, naye Nélida aliketi ukutani akinitazama kwa chuki.

Asubuhi kondoo watatu walikutwa wamekufa pale nilipomtoa. Wote walikuwa wa bibi yake. Bibi alikuja, mwanamke mfupi mwenye kofia ya rangi ya majivu, akawatazama, akamshika mjukuu wake mkono, akaondoka naye. Siku hiyo Nélida hakuja. Kesho yake pia hakuja.

"Nimemwokoa au nimemharibia?" nilimwuliza Mama Furaha, ambaye sasa aliweza kuketi.

"Mutoto iko muzima, dada. Anza hapo."

"Lakini hatasoma tena."

"Ndo pale inaniuma na miye," akasema.

Siku ya kuondoka nilimwomba dereva asimame kwa bibi. Eulalia alikuja nasi kutafsiri Kikechua, lugha ya huko milimani. Bibi alikuwa anakwangua ngozi ya kondoo mlangoni. Nilipiga magoti, kwa kuwa sikujua salamu nyingine, nikamweleza habari za Moraa: tulivyotoka shule, nilivyogeuka, viatu vyake vilivyobaki njiani. Sikuwahi kumweleza mtu yeyote habari za viatu. Bibi alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kisu.

Eulalia alitafsiri jibu lake polepole. "Anasema, wewe unaogopa radi. Yeye pia anaiogopa. Lakini anaogopa zaidi njaa, maana radi huja na kupita." Kisha bibi akauliza kitu. "Anauliza kama ni kweli mtoto alikuuma."

Nikamwonyesha alama. Aliishika mikono yangu yote miwili akaitazama, akarudi kwenye ngozi ya kondoo. Ndani ya nyumba nilimwona Nélida amesimama gizani. Hakutoka kuniaga. Njiani kushuka sikuliogopa bonde tena, nilikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa imebaki nyuma kwenye mlango ule.

Tumerudi Birmingham. Jumapili ya kwanza, badala ya kuwauliza wasichana wetu kwa nini hawaji, tulizunguka nyumba zao kuuliza wanafanya nini wakitoka shule. Wanalea wadogo zao. Mama yuko kazini, nani atamwangalia mtoto? Sasa Mama Furaha ametandika mkeka pembeni mwa chumba, na watoto wachanga wanatambaa hapo wakitafuna kalamu zetu, na dada zao wamerudi mezani. Hilo ndilo tulilojifunza kwa Eulalia, kwamba kabla ya kitabu ujenge zizi. Na nilijifunza jambo jingine ambalo silipendi: ukishampenda mtoto wa mbali, mawingu ya kwao yanakuwa yako.

Jana, nikiwa kwenye treni kutoka Sutton Coldfield, Eulalia alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema bibi amekuja mwenyewe na kondoo waliobaki, akaketi kwenye mlango wa zizi ameuegemea kwa mgongo, akasema atakuwa hapo kila siku, mtoto aingie. Kisha nikamsikia Nélida anasoma, neno baada ya neno. Katikati ya mstari radi ikapiga huko kwao, kubwa, na watu kwenye behewa wakageuka kunitazama kwa sababu nilikuwa nimepiga kelele. Sauti yake ilikatika. Nikaibana simu sikioni, nikingoja. Kisha akaurudia mstari ule tangu mwanzo.