Mdogo Wangu Bado Yuko Mlimani

Siku hiyo nilifunga mlango wa saluni yangu pale Greyville mchana kweupe, wateja wakiwa ndani, nikatangaza kwamba hakuna nywele zitakazosukwa mpaka mdogo wangu afike kileleni. Mama mmoja Mkongo alikuwa amesukwa nusu kichwa. Alinuna kidogo, kisha akavuta kiti akakaa mbele ya televisheni kama wengine.

Mdogo wangu ni mwendesha baiskeli wa kulipwa. Hata leo nikiandika hivyo nasikia raha. Tulitoka Kigoma pamoja, na hapa Durban alikuwa akiamka alfajiri, anapanda na baiskeli hadi Westville na kurudi kabla magari hayajajaa, mimi nikimwambia anajichosha bure. Sasa alikuwa Ulaya, kwenye mashindano ya siku kadhaa, na siku hiyo walikuwa wanamalizia juu kabisa, kwenye hoteli za mlimani ambako watu huenda kuteleza kwenye theluji. Sisi huku Durban tulikuwa kwenye baridi, tumevaa masweta. Kwao kilikuwa kiangazi, theluji hakuna. Miteremko ilikuwa ya kijani, na vile viti vya kupandishia watalii vilining'inia kwenye nyaya, vitupu.

"Si wangempandisha kwa hivyo viti?" aliuliza yule mama. Nilimwambia anyamaze.

Roho yangu ilikuwa juu kwa sababu timu yake ilishamwambia wazi: amalize mashindano haya, mwakani wataendelea naye; asipomaliza, arudi Durban. Na kumaliza si kufika tu. Anayechelewa mno nyuma ya mshindi huondolewa, hata kama ameufikia mstari kwa miguu yake mwenyewe. Wakati huohuo kazi yake ilikuwa kumhudumia kiongozi wa timu: kumletea maji, kumkinga upepo, mpaka chini ya mlima. Hapo nguvu zilikuwa zimemwishia, wenzake wakamwacha.

Mama yetu alikuwa kwenye simu kutoka Kigoma. Hakuwa na picha, alinitegemea mimi nimtangazie.

Ghafla jezi ya timu ya mdogo wangu ikaibuka kwenye kona ya mwisho, mikono juu. Saluni ikalipuka kwa vigelegele. Soda zikafunguliwa.

"Huyo siye!" nilipiga kelele. "Huyo ni bosi wake!"

"Eish, dada, lakini huyu iko mtu wa ekipe yake! Ni kitu moja!" alisema yule mama Mkongo, ekipe kwake ikiwa ni timu.

"Ameshinda?" mama akauliza kwenye simu.

"Hapana, mama. Bado yuko mlimani."

"Sasa mnampigia nani vigelegele?"

Saa ya kuwahesabia muda waliobaki nyuma ilikuwa imeanza kukimbia pembeni mwa skrini, na wale watu wa televisheni walikuwa wanamhoji mshindi, anafuta uso kwa taulo, anacheka. Niliitukana ile televisheni matusi ambayo sitayaandika hapa. Onyesheni mlima! Nani anataka taulo?

Wakauonyesha. Alikuwa peke yake, amesimama juu ya pedali, kinywa wazi, baiskeli ikiyumba huku na huku. Nilimjua kwa mabega kabla sijaiona sura. Sote tukasimama.

"Panda! Panda!" wateja walipiga kelele. Nilikuwa nagonga meza kwa kitana mpaka kikavunjika. Sikuweza tena kutangaza chochote, nikaiweka simu karibu na televisheni. Na mama, ambaye hakuona hata kona moja ya barabara ile, akaanza kumwita kwa jina la utotoni, kwa sauti ndefu, kama alivyokuwa akimwita jioni arudi nyumbani.

Alivuka mstari saa ikiwa inakaribia kumkatalia. Akaangukia majani, na mimi nikamwangukia mama wa nusu kichwa, tukalia kama watoto.

Jioni alinipigia. Alisema hana nguvu hata ya kuvua viatu.

"Lala basi, mdogo wangu. Umemaliza."

"Nimemaliza leo, dada. Kesho kuna mlima mwingine, mrefu kuliko huu."

Nilimpigia mama kumweleza. Nilidhani atalalamika. Aliniuliza tu huo mlima wa kesho unaanza saa ngapi.