Mama Mkwe na Pampu Iliyotafuna Kokoto

Mama mkwe alikuja Sydney kumwona mjukuu, kwa miezi mitatu tu. Korona ikafunga mipaka, akakaa karibu miaka miwili. Nyumba yetu ya Toongabbie ni ndogo, naye ni mtu wa Tanga: kwao mkwe wa kiume hazoelewi. Mke wangu akienda zamu hospitalini, mimi na mama tulipishana koridoni kama wageni wa gesti. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Basi.

Kisha karakana ya pampu niliyofanyia kazi kule Auburn ikafungwa kwa ajili ya korona. Impela za mteja mmoja, yale magurudumu yenye mapanga yanayosukuma maji, zilikuwa zikiliwa, zimejaa vishimo. Bosi akaniruhusu nibebe nyumbani pampu ya majaribio, pipa na impela tatu za maumbo tofauti, nitafute iliyo bora. Nikaiunganisha pampu ndani ya gereji yetu.

Siku ya kwanza nilipofungua koki sana, mama alitokea mlangoni, mtoto mgongoni.

"Baba, hicho chombo kinatafuna kokoto?"

Nikamweleza. Pampu ikidaiwa maji mengi kuliko yanayowahi kuingia, presha mdomoni mwa impela hushuka, maji huchemka yakiwa baridi, yakatoa viputo. Viputo vikipasukia kwenye mapanga hulia kama kokoto, na ndivyo vinavyokula chuma.

"Kumbe." Akavuta kiti, akakaa akiwa amenipa mgongo. "Fungua polepole. Nitakwambia."

Masikio yangu yalishaharibiwa na karakana. Yake yalikuwa mazima. "Hapo!" Kila alipoita niliandika kipimo. Impela ya mdomo mwembamba ilianza kutafuna mapema. Ya mdomo mpana ilistahimili hadi koki ikawa karibu wazi yote. Nikashangilia, nikaanza kufunga koki.

"Ngoja kwanza," alisema. "Hii ukiinyima maji inaguna."

Kweli. Mtiririko ulipopungua, maji yalirudi nyuma mdomoni yakajizungusha bure. Mteja hakuhitaji maji mengi kiasi kile, kwa hiyo tukachagua ya katikati, mama na mimi.

Bosi alisikiliza rekodi ya majaribio niliyomtumia, akanipigia kwa video: nani huyo anayeita? Nikageuza simu. Akamshukuru kwa Kiingereza kirefu, nikatafsiri. Mama akajitanda khanga vizuri.

"Mwambie ahsante. Na ale, amekonda."

Nilitafsiri yote mawili. Bosi alicheka hadi akavua miwani, na wiki iliyofuata impela ile ikawekwa kwenye pampu ya mteja.