Karatasi Tisa za Mama Kijiko

Saa mbili asubuhi, sahani iliyojaa chakula inatua juu ya meza, mbele ya wanafunzi sitini na wawili wa udaktari. Mwalimu wao wa lishe, wanayemwita Mama Kijiko, anainua kijiko chake cha kupimia.

“Mgonjwa hajala wiki tatu, amebaki mifupa mitupu. Mtampa kiasi gani?”

“Yote, Mama! Na ya kuongeza!” anadakia mmoja wa nyuma. Darasa linaangua kicheko.

Mama Kijiko hacheki. Anagonga sahani kwa kijiko.

“Basi mmeshamuua.”

Anawaeleza kwamba mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa chakula ghafla, chumvi za kwenye damu huvurugika, na moyo unaweza kusimama. Mgonjwa kama huyo huanzishiwa chakula kidogo kidogo, damu ikipimwa.

Somo hili lilimfika kabla ya vitabu. Mdogo wake wa kiume alilazwa akiwa amekonda vibaya. Daktari kijana akamhurumia, akaagiza ashibishwe. Siku ya tatu mdogo wake akafariki.

“Mimi ndiye niliyemlisha,” anasema. “Namwambia kula baba, kula. Na yule daktari alikuwa na roho nzuri, ndiyo maana naogopa. Mwenye roho mbaya ningemkwepa.”

Katika miaka mitano ya masomo, lishe imepewa saa mbili tu, ndizo hizi. Jumatatu wanafunzi wanaingia wodini.

Kabla hawajatoka, anawapa swali lilelile kwenye karatasi. “Msiandike majina, nataka ukweli,” anawaambia.

Ofisini kwake, chumba chembamba chenye mafaili hadi dirishani, anasahihisha. Tisa wameandika: apewe ashibe. Anazigeuzageuza karatasi hizo akitafuta mwandiko anaoujua. Wapi!

“Jamani, nimejiponza mwenyewe! Tisa, na sijui ni akina nani.”

Mkuu wa chuo amemwambia saa za ziada za lishe alizoomba zitaangaliwa mwakani. Yeye hawezi kungoja mwakani. Jumatatu, kabla chakula cha asubuhi hakijagawiwa, atasimama mlangoni pa wodi na kijiko chake.

“Nitawauliza mmoja mmoja, wote sitini na wawili. Waseme nimechanganyikiwa, shauri yao. Asiyejibu sawasawa hapiti, hata kama ni kumng'ang'ania koti.”