Siku Tuliposhangilia "Iko Ndani"

Enzi zetu pale Kasenga, sisi tuliozoea mpira wa majani ya migomba uliofungwa kamba, kuuona mpira wa ngozi ulikuwa sikukuu. Kwa hiyo, mwaka ule wa uhuru, wanafunzi wa koleji, yaani sekondari, ya Usumbura walipokuja kucheza na wa koleji yetu, mji mzima ulihamia uwanjani. Harufu ya ndagala wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, ilitufuata mpaka kwenye mstari wa chokaa. Vijana wa leo hutazama mechi tatu kwenye simu moja, tena wamelala. Sisi tulisimama juani tangu saa sita ili tuone migongo ya watu.

Yaya Yuliana, dada yangu mkubwa, hakutaka migongo. Kando ya uwanja palikuwa na depo ya kuhifadhia pamba, na watu walishajaa juu ya mabati yake. Mama alikuwa amemwonya asubuhi: "Weye Yuliana, nisikie umepanda kwenye depo, utanitambua." Yaya alinikabidhi viatu vyake, akakaza kitenge, akapanda. "Ukimuambia mama," alisema, "minye nitasema ni weye ulinisukuma."

Hapa nieleze polepole, kwa wasiokulia kwetu. Sisi husema "iko" kwa kila kitu: muntu iko, mbuzi iko, samaki iko. Na mpira ukiingia golini, tulipaza sauti: "Iko ndani!"

Kipindi cha pili, mchezaji wetu alipiga shuti kuelekea goli la mbali. Vumbi lilikuwa jingi, sikuona mpira ulikoishia. Papo hapo nikasikia kishindo, kisha sauti nyingi kutoka upande wa depo: "Iko ndani! Iko ndani!" Tukaruka, tukakumbatiana. Nikapunga viatu vya yaya hewani. Mwamuzi naye akapiga filimbi, na mpaka leo sijui aliipigia nini. Wale wa depo walizidi kuita, na sisi tukazidi kuwaitikia, mpaka nilipogeuka nikaona kwamba paa halipo.

Waliokuwa ndani ni watu. Mchwa walikuwa wamekula boriti, na mabati yakashuka na wote waliokaa juu yake. Walioangukia mizani ya chuma hawakuinuka. Yaya aliangukia marobota ya pamba. Walimtoa mweupe kuanzia kichwani, mguu mmoja umevunjika. Hakulia. Aliniuliza tu: "Tulikuwa tunaita mutusaidie. Mulikuwa munashangilia nini?"

Nilimvalisha kiatu kimoja. Mguu wa pili haukukubali.

Miaka michache baadaye ukaja uasi. Tulikimbia, wengine milimani, wengine ng'ambo ya ziwa, na vifo vipya vikafunika vile vya depo. Waulize wazee wa rika letu: mmoja atakuambia tulishinda, mwingine ataapa kwamba mpira ulitoka nje. Majina ya waliokufa siku ile hakuna anayeyajua yote.

Siku hizi wajukuu wakitazama mpira sebuleni, hupaza sauti kama sisi: "Iko ndani!" Yaya, ambaye bado anachechemea, huweka kikombe chini na kuuliza, "Nani iko ndani?" Wao hucheka, wakidhani bibi hajui mpira. Mimi hutazama kwanza juu, kwenye paa.