Mtandao Uliokatika Papa Willy Akiingia Kazini

Katika ofisi moja ya kupitisha mizigo pale Likasi, kusini mwa Kongo, mtu wa kuitwa kompyuta zikigoma alikuwa Fidélie Kitenge. Alisomea umeme, siyo kompyuta. Kwa miaka tisa alijifunza kwa kufungua na kufunga, na wenzake walimwamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Mwezi wa tatu mtandao ulianza kumchezea. Asubuhi unakuwa sawa, karatasi za malori ya kwenda mpakani zinapita bila shida. Ghafla unakufa. Dakika kumi, ishirini, halafu unarudi wenyewe kama haukwenda popote. Tena haukufa kwa wote: kompyuta ya Viviane inasimama, ya mwenzake Alexis kando yake inaendelea.

Fidélie alibadilisha waya. Akapanda darini kuangalia kama panya wametafuna. Akawapigia watu wa kampuni ya mtandao, wakamwambia kwao hakuna tatizo. Kila ulipokatika aliijaribu ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao ofisini: aliandika namba yake ya mtandao kwenye kompyuta kuona kama ingejibu. Nayo ilijibu, haraka, bila kusita. Ipo, inaitika, ila haipitishi kitu. Alilala na jambo hilo kichwani, akaamka nalo.

Viviane, mwandishi wa ofisi, ndiye aliyeona kitu.

"Mama Fidélie, weye haujaona? Connexion inakatikaka Papa Willy akiingia mu archives."

Papa Willy alikuwa mtunza karatasi wa archives, chumba cha mafaili ya zamani, mzee aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi kabla ya kuja hapo. Binti yake alikuwa mji wa Kolwezi, amejifungua mapacha, na mzee aliwatazama kwa simu wakati wa mapumziko. Wakamchunguza siku tatu. Kweli, akiingia chumbani mwake, mtandao unakufa. Mkuu wa ofisi, Hervé, akamwita mbele ya wote.

"Papa Willy, uko unaangalia mavideo saa ya kazi?"

"Haina vile, chef. Minye niko natumika kazi tu."

Hervé akamgeukia Fidélie. "Weye unasema nini?"

Macho yote yalikuwa kwake. "Pengine ni telefone yake," akasema. Siku ile ile akaitoa simu ya mzee kwenye mtandao wa ofisi. Papa Willy alipokea simu yake. Aliitia mfukoni, akarudi kwenye mafaili yake.

Kesho yake, saa nne, mtandao ukafa tena.

Fidélie alijiuliza: Simu haimo tena, sasa nini? Kwa kukosa la kufanya akachomoa waya wa umeme wa ruta ili aiwashe upya. Taa zake zikazima. Lakini kwenye skrini, ambako kompyuta ilikuwa bado inaiuliza ruta, majibu yaliendelea kuja. Moja, jingine, jingine tena.

Akautazama waya mkononi. Akaitazama skrini.

"Viviane, kuya uone. Hii kintu imezimika. Sasa nani iko ananijibu?"

Viviane akaangalia, akarudi nyuma hatua mbili. "Yesu! Mama, achana nayo. Tuombe kwanza."

Fidélie hakucheka. Akaenda kwenye kisanduku ambapo waya zote za ofisi hukutana, akaanza kuzichomoa mmoja mmoja. Akatoa wa Viviane: majibu yanakuja. Wa Alexis: yanakuja. Akatoa wa saba, uendao archives. Kimya.

Aliufuata waya ule hadi mwisho. Papa Willy alikuwa amesimama kando ya imprimante, ile mashine ya kuchapa, akingoja karatasi za malori zitoke. Huiwasha anapochapa tu, kisha huizima ili kuokoa umeme. Fidélie akainama, akabonyeza, akaisoma namba ya mashine ile. Ilikuwa namba ya ruta. Mashine mbili zilibeba namba moja, na baadhi ya kompyuta zilizotafuta ruta zilifika kwa imprimante, ambayo inaweza kuitika lakini haina njia ya kutoka nje. Na aliyeipa namba hiyo, mwisho wa mwezi wa pili, ni yeye mwenyewe, kwa haraka, akifikiria mambo mengine.

Angeweza kuibadilisha na kunyamaza. Aliibadilisha, kisha akawaita Hervé na wote kwenye korido.

"Haina Papa Willy," akasema. "Ni minye nilikosa. Nilimubebesha kosa yangu."

Papa Willy akatoa simu mfukoni.

"Sasa naweza kuona batoto?"

"Ndiyo, papa. Unisamehe."

Mzee akampa simu airudishe kwenye mtandao. Kisha akarudi kwenye mafaili yake.

Wiki mbili zikapita bila shida. Kisha Alhamisi moja, saa nane mchana, mtandao ukazorota robo saa nzima. Imprimante ilikuwa imezimwa, waya zote ziko mahali pake. Fidélie alizunguka ofisi yote, akarudi mezani, akatafuta kalamu, akaandika saa mtandao ulipozorota, bila jina la mtu.