Kijitabu Kilichoning'inia Juu ya Meko

Kwa miaka tisa kijitabu kile kilining'inia kwenye msumari jikoni kwa Bernadina, mama yake Tadeo, pale kijijini Tumati, juu kidogo ya meko, mpaka moshi ukakigeuza rangi ya chai. Hakukitupa. Asubuhi akishachochea moto, alikifungua ukurasa wa kumi na moja, akaangalia, akakirudisha. Palikuwa na picha yake hapo: ameinama na jembe ndani ya mfereji wake mwenyewe, na nyuma yake amesimama bwana shamba Evarist, kidole kikiwa hewani. Chini pameandikwa: "Mkulima akielekezwa na mtaalamu."

Mfereji ule wa kukinga maji alifundishwa na mama yake mzazi. Kwenye miteremko ya kwao hawauchimbi kiangazi. Wanasubiri mvua kubwa, wanatoka pekupeku, wanasimama shambani wakilowa, wanaangalia maji yanataka kupita wapi. Wanachomeka vigingi, halafu wanachimba mvua ikiwa bado inanyesha.

Evarist alikuja mwezi wa Agosti, kwa pikipiki, akiwa mgeni kutoka mkoa mwingine, na hakuamkia. "Habari, mama," alisema, kama anaongea na muuza nyanya wa rika lake. Akauliza anajuaje pa kuchimba.

"Njoo mvua ikinyesha, nitakuonyesha."

Mvua ilinyesha. Hakuja. Aliandika kijitabu cha kupima mfereji kwa kamba na pimamaji, akaiita Njia ya Evarist. Jumuiya ya nchi za kanda ilipoanza kuzisaidia nchi ndogo za visiwa, ambazo udongo wake unaishia baharini, kijitabu kikapanda ndege, na mwandishi wake akakifuata mara tatu.

Mumewe Gidion aliiona ile picha akiwa kitandani, mwezi mmoja kabla hajafa. "Wamekufanya mwanafunzi shambani kwako," alisema, akageukia ukutani. Bernadina alikisoma kijitabu chote siku ile, akaona hakina mvua hata mstari mmoja. Alijua mifereji ya huko visiwani itapasuka. Angeweza kwenda kusema. Alinyamaza, akatafuta msumari.

Januari mwaka huu Evarist alirudi, safari hii kwa gari la mradi.

"Shikamoo, mama! Shikamoo sana!"

"Marahaba. Kumbe leo umeziona mvi zangu?"

Alicheka peke yake. Wageni wa visiwani walitaka kuona mahali mradi ulipoanzia. Huko kwao kulikuwa na changamoto ndogo ndogo. Aliomba kutumia shamba la Bernadina, na aliomba Bernadina aseme tu kwamba alifundishwa naye. "Na mimi nitakupeleka Komoro, Mama Tadeo. Utapanda ndege!"

"Ndege naziona zikipita, zinanitosha. Walete wiki ya tatu ya Machi, mkishakula mchana. Na kabla ya hapo uchimbe mfereji wako kando ya wangu, kwa kamba yako, wageni waone kazi ya mtaalamu."

Evarist alifurahi mno, hakuuliza kwa nini Machi.

Machi ilipofika, Evarist alikuwa ameshachimba. Wageni walikuwa sita, wakiongozwa na Moinaecha, mhandisi wa Komoro aliyesoma chuo Dar es Salaam. Evarist alivaa viatu vya ngozi. Alikuwa bado anaeleza ubora wa kamba yake wakati wingu lilipoteremka kutoka mlimani, na matone ya kwanza yakapiga kofia yake.

"Twendeni kwenye gari!"

"Subirini," alisema Bernadina. "Mmetoka mbali kuja kuangalia mfereji. Uangalieni ukiwa na maji."

Mfereji wa Evarist ulijaa ukatulia kama hori la ng'ombe. Kisha ukingo wake ukalowa katikati, ukalegea, ukapasuka. Maji ya udongo yaliteremka na kamba, na vigingi, na kibao cha mradi, mpaka kwenye mpaka wa shamba la jirani yake Marieta. Hatua mbili tu kutoka palipopasuka, mfereji wa Bernadina uliyapeleka maji polepole kwenye matete, kama haujaona kitu.

"Jamani!" Marieta alipiga kelele kutoka kwake. "Bwana Shamba, kibao chako kimekuja kunisalimia! Nikipikie chai?"

Moinaecha hakucheka. "Hivi hivi," alisema. "Hivi hivi ndivyo ilivyokuwa kwetu. Shamba la vanila la kaka yangu liliingia baharini lote." Akamgeukia Bernadina. "Mama, wewe ulijua?"

Kwa miaka tisa Bernadina alikuwa amemwandalia Evarist maneno. Kwa ajili ya mtu huyu hakuwa ameandaa hata moja.

"Nilijua. Tangu kijitabu kilipochapwa."

"Na ukakaa kimya."

"Kaka yako sikumfahamu. Niliyekuwa namfahamu ni huyu bwana shamba."

Ilikuwa kweli, na alijua si udhuru. Lakini chuki yake haikuwa imeisha, na hakutaka kumdanganya mgeni kwamba imeisha. Alichukua jembe, akampa Evarist.

"Vua viatu."

"Mama Tadeo, tafadhali, mbele ya wageni..."

"Vua. Miguu inayajua maji kuliko kamba yako."

Evarist alimtazama Moinaecha kuomba msaada. Moinaecha alikunja mikono kifuani. Evarist akavua, akaviweka viatu juu ya jiwe, akashuka kwenye tope, akainama. Bernadina alisimama nyuma yake, akainua kidole.

"Hapo. Siyo hapo, hapo! Maji yanakwambia na hutaki kusikia. Chimba."

Kisha akamwambia Moinaecha: "Una simu? Piga picha. Kijitabu kipya kiandikwe na nyinyi, muweke mvua, muweke vigingi, nitawaeleza yote mpaka mchoke. Kaka yako pia, akitaka kuja, atalala kwangu. Lakini picha iwe hii."

Moinaecha aliikinga simu kwa kiganja. "Na maneno ya chini?"

"Mtaalamu akielekezwa na mkulima."

Evarist alisikia, akataka kunyanyuka.

"Inama," alisema Bernadina. "Bado nakuelekeza."